Simba mweupe na mtoto wa kubeba mizigo

Kila Jumamosi saa tisa mchana, katika parseli moja ya komine ya Kabondo, mjini Kisangani, watoto wanaanza kufika mmoja mmoja, kiti kichwani. Asiye na kiti anabeba bidoni ya kukalia. Mwenye parseli ni mwalimu wa shule ya msingi. Anatoa televizyo yake barazani, anawasha jenereta ndogo, na kila mtoto anachangia franga 200 za esansi. Asiye nazo anaingia vilevile, ila huyo ndiye anatumwa kufukuza mbuzi wa jirani kama wanakaribia waya.

Filamu zinatoka sokoni, kwa kijana mwenye kompyuta anayezipakia kwenye kle. Nyingi ni za katuni, na nyingi katika hizo ni za Japani zenye sauti ya Kifaransa. Mwalimu anakaa pembeni na kutafsiri yale magumu. Kwa watoto wa Kabondo anatafsiri kwa Kiswahili, na kwa wale wanaotoka Mangobo anaongeza neno moja moja la Lingala. Ndivyo mji ulivyo, lugha mbili zinakaa kwenye benchi moja.

Jumamosi moja kle ilikuwa na filamu ya simba mweupe anayeitwa Léo. Watoto walikaa kimya tangu mwanzo mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida kwa watoto thelathini hivi. Kilichotokea baada ya filamu, mwalimu hakukitazamia.

Filamu yenyewe ilitoka Japani mwaka wa 1997, lakini hadithi yake ni ya zamani zaidi. Aliyeitunga ni Osamu Tezuka, mchoraji ambaye Wajapani wengi wanamhesabu kama baba wa katuni zao za kisasa. Alizaliwa mwaka wa 1928, akaona vita akiwa kijana, akasomea udaktari Osaka, lakini kalamu ya kuchora ikamshinda. Mwaka wa 1950, akiwa bado mwanafunzi, alianza kuichapa hadithi ya Léo katika gazeti la watoto. Mwaka wa 1965 ikaingia kwenye televizyo kwa rangi, wakati katuni nyingi za Japani zilikuwa bado nyeusi na nyeupe. Wamarekani waliinunua na kumwita simba huyo Kimba. Wafaransa wakamwita Mfalme Léo, na kwa njia ya Kifaransa ndipo akafika mpaka kwetu.

Katika filamu ya 1997, Léo ni mfalme wa pori la Afrika. Mke wake anaitwa Lyra, na wana watoto mapacha. Wageni wanafika kutafuta jiwe la thamani kubwa. Mmoja wao, Ham Egg, ni mwenye tamaa na hajali anaua nani. Ugonjwa unaingia porini, wanyama wanakufa, na Lyra naye anakufa. Mwishoni Léo anawaongoza wasafiri mpaka kwenye Mlima wa Mwezi. Huko theluji inawashika, wenzao wanakufa, na Léo anatoa uhai wake ili mzee mmoja aliyebaki avae ngozi yake na kula nyama yake, apate kurudi akiwa hai.

Watoto kadhaa walilia. Mwalimu alizima jenereta, akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa. Uani, mchezo ukaanza.

Watoto wanapenda kucheza tena kile walichokiona. Watano waligombania kuwa Léo. Wasichana wawili wakawa mapacha. Kijana mrefu akachukua fimbo, akawa Ham Egg. Wengine wakawa madaktari na wasafiri. Kisha msichana mmoja mwenye umri wa miaka kumi akauliza nani atabeba mizigo, maana wasafiri wa Afrika, katika kila filamu ya zamani, wana mtu wa kubeba mizigo. Macho yote yakamgeukia mtoto mmoja wa miaka minane, mwana wa baba anayefanya kazi ya toleka, ile teksi ya baiskeli. Ni mweusi kuliko wenzake.

«Wewe uko mweusi sana. Wewe utabeba.»

Wakamwekea viti viwili kichwani na bidoni mkononi. Hawakumpa jina. Alizunguka uani mara mbili nyuma ya wenzake, kisha akaweka viti chini taratibu, akatoka. Jumamosi iliyofuata hakufika. Ya pili pia hakufika.

Hapo ndipo mwalimu aliuliza, na watoto wakamwambia kwa macho ya chini.

Jumapili baada ya misa alikwenda nyumbani kwa mtoto huyo, upande wa maporomoko, karibu na wavuvi wa Wagenia. Baba alikuwa barabarani na baiskeli yake. Aliyempokea ni koko wa mtoto, mama wa baba yake, aliyekuwa ameketi kivulini akichambua sombe. Mtoto alijificha nyuma ya mlango, kidole cha mguu tu kikionekana.

«Koko, nimekuja kuomba samahani,» mwalimu alisema. «Ni kwangu walimchezea vibaya.»

Koko hakujibu mara moja. Aliendelea kuchambua majani. Kisha akanyosha mkono kuelekea mtoni, kwenye miti mirefu ambayo wanaume wa ukoo wake wanaisimamisha ndani ya maji makali, wakaifunga kwa kamba za porini na kuning'iniza vikapu vikubwa vya kunasia samaki.

«Mwalimu, sisi banatupiga picha tangu mimi mtoto. Bageni balikuja, balipiga, balienda. Ile picha yenyewe mimi sijaionaka. Na hakuna aliyeuliza: wewe jina yako nani?»

Kutoka nyuma ya mlango mtoto akasema kwa sauti ndogo: «Mu ile filamu, mimi niko tu ya kubeba.»

Maneno hayo mawili, la koko na la mjukuu, mwalimu alirudi nayo Kabondo kwa mguu. Usiku huo aliangalia filamu ya Léo tena peke yake, akitumia betri ya kompyuta ya kuazima. Safari hii hakumtazama simba. Alihesabu watu.

Alichokiona ni hiki. Filamu inaipenda Afrika kwa kweli. Milima, maji, jua la jioni, vyote vimechorwa kwa heshima. Lakini wanaoshika hadithi ni wanyama na wageni. Wanyama wana majina, wana ndoa, wana watoto na msiba. Wageni wana majina na taabu zao. Mwenyeji, mtu aliyezaliwa chini ya mlima huo, hana nafasi ya kusema ni nani. Ndiyo maana watoto walipogawana kazi, hawakupata kazi nyingine ya kumpa mtu mweusi. Hawakuwa wabaya. Walitafuta ndani ya filamu, na nje ya filamu katika zote walizowahi kuona, wakapata moja tu.

Na kazi hiyo ina uzito katika mji huu. Kituo cha Stanley Falls, ambacho ndicho mwanzo wa Kisangani ya leo, kilianzishwa mwaka wa 1883, na katika miaka iliyofuata njia za Kongo zilijaa wapagazi waliobeba mizigo ya wengine vichwani, wengi wao kwa nguvu. Tangu wakati huo wageni wameandika na kupiga filamu nyingi kuhusu mto huu. Mwaka wa 1951 Wamarekani walikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Waigizaji wakubwa wawili na mashua yao wanajulikana dunia nzima. Mto ni wetu, na majina yanayokumbukwa ni ya wengine.

Wiki iliyofuata wazazi kumi na wawili walikutana katika parseli ya mwalimu. Baba mmoja, fundi wa magari, alisema wazi kwamba filamu hizo zisimame. «Papa Mwalimu, unawafundisha batoto kwamba beo hapana bantu,» alisema. Mama mmoja anayeuza chikwangue akamjibu kwamba filamu zikisimama, Jumamosi saa tisa watoto watakwenda mtoni kuogelea kwenye maji makali, na hapo hatutazungumza tena juu ya picha, tutazungumza juu ya matanga. Wengine wakacheka, lakini si kwa furaha.

Kijana mmoja anayesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Kisangani akaomba neno. Akakumbusha kesi ya Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani anayeishi Ubelgiji. Mwaka wa 2007 alikwenda mahakamani Brussels akitaka kitabu cha Tintin nchini Kongo kiondolewe au kiwekewe onyo, kwa sababu kinawachora Wakongomani kama watu wa midomo mikubwa na akili ndogo. Mwaka wa 2012 mahakama ilikataa madai yake. Fundi akasema basi ni kama kupiga maji kofi. Mwanafunzi akasema hapana, kwa maana tangu kesi hiyo ni vigumu mtu kukifungua kitabu kile bila kukumbuka kwamba kuna aliyelalamika.

Japani nayo ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1988 familia moja ya mkoa wa Osaka ilianzisha kikundi cha kupinga picha za kudharau watu weusi, wakaanza kuandika barua kwa makampuni. Mwaka wa 1990 barua ziliifikia kazi ya Tezuka, kwa sababu katika vitabu vyake vya zamani, pamoja na hiki cha Léo, Waafrika wamechorwa kwa midomo minene na macho ya kutoka nje, mtindo ambao wachoraji wa Marekani na Ulaya walikuwa wameuzoea na yeye akaufuata. Tezuka mwenyewe alikuwa amefariki mwezi wa pili wa 1989, hakuweza kujibu wala kuchora upya. Kampuni ya Kodansha ilisimamisha vitabu kwa muda, kisha ikavirudisha vikiwa na ukurasa wa maelezo: kwamba michoro hii ni ya wakati wake, kwamba inaumiza watu, na kwamba msomaji asome akijua hivyo.

Kuna wanaosema ukurasa mmoja hautoshi. Huenda ni kweli. Lakini si kidogo familia moja kuandika barua na kampuni kubwa kusimama.

Tena haki inadai kusema upande wa pili. Tezuka aliandika hadithi hiyo wakati Kongo ilikuwa bado koloni ya Ubelgiji, na yeye hakuwa anawatukana Waafrika kwa makusudi. Hadithi yake inataka amani kati ya mtu na mnyama, na inawahukumu wageni wanaoingia porini kutafuta mali. Watoto wa Kabondo walielewa jambo hilo bila kutafsiriwa. Ham Egg alipoonekana akiuliza juu ya jiwe, mmoja wao alipiga kelele: «Huyu ni wa komptuari!» Kisangani inajua komptuari za almasi. Inajua pia mwezi wa sita wa 2000, siku sita ambazo majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katikati ya nyumba za watu. Mjapani huyo aliona jiwe na tamaa inayolifuata. Hata mlima aliupa jina ambalo kwetu si la kubuni: watu wengi wanaihesabu Ruwenzori, kule Beni kwenye mpaka na Uganda, kuwa ndiyo ile Milima ya Mwezi iliyotajwa na wazee wa Ugiriki, na kwenye kilele chake cha meta 5,109 kuna barafu ya kweli. Aliona jiwe, akaona mlima na theluji. Mwenye nyumba tu ndiye hakumwona.

Na simba alimweka mahali si pake, kwa sababu msitu wa Tshopo hauna simba. Simba wa Kongo wanaishi kwenye majani ya wazi, kama kule Garamba na Virunga. Mfalme wa msitu kwetu ni chui, na kichwa chake kipo kwenye nembo ya taifa. Watoto walipoambiwa hivyo walishangilia kama timu yao ya Léopards imefunga goli.

Mwisho wa kikao, mwalimu hakusimamisha filamu. Alisema mambo mawili. La kwanza, kle haitakuwa na filamu za upande mmoja tu. Ipo Kirikou ya mwaka wa 1998. Mwenye kuitunga ni Mfaransa, Michel Ocelot, lakini utoto wake aliupitisha Guinée. Muziki ni wa Youssou N'Dour, waliotoa sauti ni Waafrika, na huko Tanzania imekwisha kuwekewa sauti ya Kiswahili. Wapo pia wa kwetu. Jean-Michel Kibushi, mwana wa Sankuru, alitengeneza mwaka wa 1991 filamu ya katuni juu ya chura aliyekwenda kwa wakwe, hadithi ya Watetela, kwa karatasi zilizokatwa na subira nyingi. Studio yake inaitwa Malembe Maa, maana yake polepole lakini kwa uhakika. Wakongomani wengi hawajawahi kusikia jina lake, na hilo si kosa la Wajapani.

La pili, watoto wenyewe wataongeza kipande kinachokosekana.

Jumamosi iliyofuata televizyo haikuwashwa mapema. Mwalimu aligawa karatasi na penseli za rangi, akauliza swali moja: Léo akipita na wageni wake kwenda mlimani, anapita mbele ya nyumba ya nani?

Kulikuwa na kimya. Kisha mikono ikaanza. Mmoja alichora mama anayeuza mbala na samaki njiani, anakataa kupokea pesa za kigeni zilizopasuka. Mwingine alichora chefu wa kijiji anayedai karatasi za safari. Msichana yule aliyegawa kazi Jumamosi ya kwanza alichora jamaa yake, baba, mama na wadogo, na akachukua penseli ile ya waridi ambayo watoto wanaiita rangi ya mwili, akajipaka yeye. Akaitazama karatasi kwa muda. Hakuna aliyemwambia neno. Akageuza karatasi, akaanza upya kwa penseli ya kahawia, na kwa sababu ilikuwa fupi sana akaishika kwa ncha za vidole.

Mtoto wa toleka alifika kwa kuchelewa, koko wake akimshika mkono mpaka mlangoni. Alikuwa na karatasi yake tayari, iliyokunjwa mara nne ndani ya kaptula. Alichora maporomoko. Miti mirefu ndani ya maji, vikapu, na juu ya miti mtu mmoja mweusi kabisa, penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikang'aa, anavuta kikapu kilichojaa. Ng'ambo, juu ya jiwe, alisimama Léo, simba mweupe, manyoya yameloana, anangoja kugawiwa samaki. Chini aliandika jina la mvuvi. Ni jina la babu yake.

Watoto walicheka. Mtoto alishtuka kwanza, kisha akaona wanamcheka simba.

Mwalimu aliwaeleza jinsi katuni inavyotembea. Kwamba ni picha nyingi zinazopita haraka mpaka jicho linadanganyika. Kwamba Tezuka mwenyewe, alipoanza kutengeneza kwa televizyo mwaka wa 1963, hakuwa na pesa za kuchora picha 24 kwa kila sekunde, akapunguza mpaka 8 au chini, na watoto wa Japani wakapenda vilevile. Kwa hiyo wao pia wangeweza. Walimkata mvuvi kwenye karatasi, wakamtenga mikono, wakatenga kikapu. Simu moja ikafungwa juu ya kiti kwa mpira wa baiskeli uliotolewa na baba wa toleka. Wanasogeza mkono kidogo, wanapiga picha. Wanasogeza tena, wanapiga. Picha 80, Jumamosi mbili, sekunde 10.

Jumamosi iliyopita sekunde hizo 10 zilioneshwa kabla ya filamu. Mvuvi anavuta kikapu, kikapu kinapanda, simba anapangusa uso. Watoto wakadai zirudiwe. Zilirudiwa mara kumi na moja, mpaka mwalimu akasema esansi itaisha. Koko alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti ambacho mtoto mmoja alimwachia bila kuambiwa. Alimwomba mwalimu asimamishe picha pale kikapu kilipofika juu. Akainuka, akasogea karibu na televizyo, akamtazama mvuvi wa karatasi, na akalitamka jina lake kwa sauti.

Baada ya hapo filamu kubwa ilianza, ya Japani tena, na watoto wakanyamaza kama kawaida.

Kazi ya kipande cha pili inaanza Jumamosi ijayo saa tisa mchana. Kinachokosekana ni penseli za kahawia na nyeusi, kwa sababu zimekwisha zote. Za waridi zimebaki nyingi.